Saruji ya Maniema ianze na udongo wa Maniema

Mfuko wa saruji unaofika Tunda, katika teritwari ya Kibombo mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, huwa umelipiwa mara kadhaa kabla mwashi hajaufungua. Umelipiwa kiwandani, ukalipiwa kwenye behewa la shirika la reli, SNCC, kutoka kusini kupitia Kabalo na Kongolo, ukalipiwa wapagazi wa kuushusha, kisha ukalipiwa tena kwenye lori au pikipiki inayopambana na tope hadi kijijini. Ukija kwa njia ya kaskazini mambo si mepesi zaidi, kwa sababu maporomoko ya maji yamefunga mto kati ya Kisangani na Ubundu. Mzigo hupakiwa kwenye treni kwa kilomita 125, kisha hurudishwa majini kuupanda mto Lualaba hadi Kindu, mji mkuu wa mkoa. Njia ya mashariki ni barabara ambayo mvua huikata, na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, vita vimeizidishia mashaka. Viwanda vikubwa vya saruji vya nchi yetu, Lukala, Kimpese na Songololo, viko Kongo ya Kati, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Umbali huo ndio unaoamua ni shule gani itapata sakafu na ni zahanati gani itazalisha akina mama juu ya udongo usiosafishika. Hoja yangu ni kwamba saruji yenye kaboni kidogo, ambayo wengi wetu huisikia kama shughuli ya nchi tajiri na mikutano yao ya tabianchi, inaifaa Maniema kuliko inavyoifaa miji mingi ya Ulaya, kwa kuwa sehemu ya saruji inayochafua hewa ndiyo hiyohiyo tunayolazimika kuiagiza kutoka mbali.

Sehemu hiyo inaitwa klinka. Mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo, yakachomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi za Sentigredi, yakatoka vinundu vigumu vya kijivu. Vinundu hivyo vikisagwa na jasi kidogo, tunapata unga tunaoujua sote. Uchafuzi wake hautokani na makaa ya mawe au mafuta ya tanuri peke yake. Jiwe la chokaa lenyewe limefungia hewa ukaa ndani yake: kila kilo 100 za jiwe safi zikichomwa, kilo 44 hupaa kama gesi na 56 ndizo zinazobaki kuwa chokaa. Kwa hiyo hata tanuri likiendeshwa kwa umeme wa maji mtupu, zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya klinka itaendelea kutoka. Dunia hutengeneza takriban tani bilioni 4 za saruji kila mwaka, na kazi hiyo hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa yote inayosababishwa na binadamu. Wahandisi wanatafuta dawa nyingi, pamoja na mitambo ya kunasa gesi hiyo kwenye bomba la moshi na kuizika ardhini, mitambo ambayo gharama yake haifikiriki kwa mkoa kama wetu. Njia iliyo wazi kwa kila mtu ni moja: kutia klinka kidogo, na nafasi yake ijazwe na kitu kingine kinachoweza kushika.

Kitu hicho kimejulikana kwa zaidi ya miaka 2,000. Saruji inapokutana na maji huzaa gundi inayoshikanisha mchanga na kokoto, lakini pia huachia chokaa isiyokuwa na kazi kubwa. Ukiwa na unga laini wenye silika au alumina iliyo tayari kuungana na chokaa hiyo, unapata gundi nyingine juu ya ile ya kwanza. Majivu ya volkano yana sifa hiyo, ndiyo maana Warumi waliyachimba Pozzuoli, karibu na Napoli, na jina la mji huo likawa pozolana. Udongo wa mfinyanzi wenye madini ya kaolini nao huipata sifa hiyo ukichomwa kati ya nyuzi 700 na 850, yaani karibu nusu ya joto la klinka, na unapochomwa hutoa mvuke wa maji badala ya hewa ukaa. Mafundi wa India walikuwa wakitwanga matofali ya kuchoma na kuutia unga wake kwenye chokaa kwa karne nyingi. Brazil ilijenga bwawa la umeme la Jupiá katika miaka ya 1960 ikitumia udongo wa kuchoma ndani ya zege lake. Karne hii, Karen Scrivener wa chuo cha EPFL mjini Lausanne, Fernando Martirena wa Chuo Kikuu cha Las Villas nchini Cuba, na wenzao wa vyuo vya teknolojia vya India, wameongeza jambo moja kubwa: udongo uliochomwa ukichanganywa na unga wa jiwe la chokaa lisilochomwa, viwili hivyo husaidiana, hata klinka inaweza kushuka hadi nusu ya mfuko bila nguvu kupotea. Mchanganyiko wao, unaojulikana kama LC3, una asilimia 50 ya klinka, 30 ya udongo wa kuchoma, 15 ya mawe ya chokaa na 5 ya jasi. Hewa ukaa hupungua kwa asilimia 30 hadi 40 ukilinganisha na saruji ya kawaida. Cuba haikuingia katika utafiti huo kwa anasa. Iliingia kwa sababu klinka na mafuta vilikuwa ghali kwake, sababu ambayo mtu wa Kindu hahitaji kufafanuliwa. Na Afrika haijabaki kutazama: Abidjan ina kiwanda kinachochoma udongo kwa ajili ya saruji tangu 2020, na Ghana imejenga kingine kikubwa karibu na Accra kwa hesabu ileile, kwamba karibu klinka yote ya nchi hiyo hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni na udongo uko chini ya miguu yao.

Sasa tuitazame ardhi yetu. Kaolini huzaliwa pale ambapo joto na mvua nyingi vimeyala mawe kwa muda mrefu sana, na hiyo ndiyo hali ya bonde la Kongo. Udongo mwekundu na wa manjano wa Maniema, ule unaofyatuliwa matofali kandokando ya Lualaba na ule wa vichuguu vya mchwa ambao wafyatuaji huupenda, umetokana na uchakavu wa namna hiyo. Hilo linatosha kutupa sababu ya kupima. Halitoshi kutupa ruhusa ya kutangaza kwamba tumepata hazina. Udongo unaofaa LC3 unatakiwa uwe na kaolini isiyopungua asilimia 40, na udongo wa mto mmoja unaweza kufaa upande huu na usifae kilomita tano mbele, ukiwa na mchanga mwingi au madini mengine yasiyoamka kwa moto. Kipimo chenyewe si cha ajabu: sampuli hukaushwa, hupashwa moto hatua kwa hatua, na uzito unaopotea kati ya nyuzi 400 na 600 huonyesha kaolini iliyomo. Maabara moja yenye tanuri dogo na mizani nzuri inaweza kupima teritwari zote saba, kuanzia Lubutu hadi Kabambare. Watafiti wa Kenya wamekwisha kuyafanya haya kwa udongo wa kwao, wakachapisha matokeo yanayoonyesha kwamba saruji ya LC3 inaweza kutengenezwa kwa malighafi ya nchi hiyo. Udongo wa mfinyanzi wa Maniema haujui mpaka wala historia. Unachohitaji ni mtu wa kuuchukulia sampuli.

Tunao pia mpunga. Ulifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Waarabu na Waswahili waliojikita Nyangwe na Kasongo, njia ileile iliyotuletea lugha hii ninayoandikia. Misafara hiyo ilileta pia utumwa na mauti, na sitaki mtu anisome kana kwamba nimeyasahau hayo. Mpunga ulibaki, na leo ni chakula na biashara ya mkoa mzima. Pumba zake hutupwa au kuchomwa ovyo, ilhali majivu ya pumba yakichomwa kwa joto lisilozidi nyuzi 700 hivi yanakuwa na silika ya asilimia 85 hadi 95, tena ile iliyo tayari kuungana na chokaa. Hapa ndipo watu wengi wanaoandika juu ya majivu ya pumba huchukuliwa na furaha, na mimi naomba tufanye hesabu kwanza. Tani moja ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za pumba, na kilo 200 za pumba hutoa kama kilo 40 za majivu. Ukitaka majivu yachukue asilimia 20 ya mfuko wa kilo 50, unahitaji kilo 10, yaani pumba za kilo 250 za mpunga kwa kila mfuko mmoja. Isitoshe, sehemu kubwa ya mpunga wa vijijini hutwangwa kwenye kinu nyumbani, na pumba zake hutawanyika uani. Zinazoweza kukusanywa ni zile za mashine za kukoboa za Kindu, Kasongo, Kibombo na miji mingine. Majivu, basi, ni msaidizi mzuri wa udongo na hayawezi kuwa nguzo. Mahali pake panapofaa ni miradi midogo iliyo karibu na mashine ya kukoboa, pamoja na jambo jingine nitakalolifikia chini, la kuni.

Faida ya yote haya inaonekana kwenye mizigo. Chukua tani moja ya saruji ya aina ya LC3 iliyokamilishwa Kindu. Kilo 500 za klinka, kilo 150 za unga wa mawe ya chokaa na kilo 50 za jasi zitatoka nje ya mji, jumla kilo 700. Kilo 300 za udongo zitachimbwa na kuchomwa hapahapa. Kwa kila mabehewa kumi ya saruji tunayosubiri leo, tutasubiri saba. Mtu anaweza kusema saba bado ni mengi, na ni kweli. Lakini klinka ina sifa ambayo mfanyabiashara yeyote wa Kindu ataithamini: ni vinundu vigumu, visivyoharibika upesi kama unga. Saruji iliyosagwa ikikaa wiki nyingi kwenye behewa lililokwama au kwenye ghala lenye unyevunyevu huanza kuganda ndani ya mfuko, na mfuko ulioganda hulipiwa na mnunuzi wa mifuko iliyosalia. Mawe ya chokaa nayo yako karibu na mtandao wetu wa reli, kwani Kalemie imeunganishwa na Kabalo, na Kabimba, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika kusini ya Kalemie, ilipewa kiwanda cha saruji kwa sababu ya mawe hayo. Iwapo yanapatikana karibu zaidi, ni kazi ya wanajiolojia kutuambia.

Kuna kikwazo ambacho sitakizunguka, nacho ni umeme. Kusaga klinka ni kazi nzito, inayokula kilowati-saa kati ya 30 na 40 kwa kila tani, na mji unaotegemea jenereta na paa chache za sola hauwezi kuanzia hapo. Ndiyo maana sipendekezi kiwanda kamili mwaka wa kwanza. Hatua ya kwanza ni karakana ya kuchoma na kusaga udongo peke yake, kwa sababu udongo uliochomwa ni laini na husagwa kwa nguvu ndogo zaidi. Unga huo uchanganywe kwa kipimo na saruji kali ya daraja la 42.5 inayoletwa tayari, ufungwe kwenye mifuko yenye maandishi yanayoeleza wazi kilichomo, na uuzwe kwa ajili ya kujengea kuta, kupiga lipu, sakafu na kufyatulia matofali. Hizo ndizo kazi zinazomeza saruji nyingi mkoani. Majengo yetu mengi ni ya chini, yenye kuta zinazobeba bati. Kuzijengea saruji ya nguvu inayohitajiwa na daraja au ghorofa tano ni kupoteza klinka iliyosafiri nusu ya nchi. Kusaga klinka kutasubiri umeme wa uhakika, na kama umeme huo utachelewa miaka kumi, karakana ya udongo itakuwa imefanya kazi miaka kumi.

Kuna wanaouliza kwa nini sisi tuhangaike na hewa ukaa hata kidogo. Mkongo mmoja, kwa wastani, hutoa chini ya kilo 100 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, makaa na saruji, wakati wastani wa dunia unazidi tani 4. Dunia hutumia karibu kilo 500 za saruji kwa kila mtu kila mwaka, na sisi hatufiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Kumwambia mzazi wa Tunda apunguze saruji kwa ajili ya tabianchi ni dhuluma, na nitakuwa wa kwanza kuipinga. Deni la hewa linawahusu waliolijaza. Ila hoja hiyo, iliyo sahihi kabisa, haijibu swali letu. Tunahitaji saruji nyingi zaidi kuliko tuliyo nayo, mara nyingi zaidi, kwa ajili ya madaraja, visima, vyoo, wodi na shule, na swali ni tutaipataje. Tukifuata njia ya zamani tutanunua klinka ya watu wengine milele, kwa bei ya watu wengine, kupitia barabara zinazofungwa na bunduki au mvua. Nikiondoa neno kaboni katika makala haya yote, karakana ya udongo bado inabaki kuwa na maana. Na kwa kuwa neno hilo lipo, kuna mashirika na mifuko ya fedha duniani inayotafuta mahali pa kulipia upunguzaji wa hewa ukaa. Kongo hujadiliwa huko kwa habari ya misitu yake tu, kana kwamba watu wake hawajengi.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni ubora. Nyumba zinaanguka Afrika, na mara nyingi chanzo ni mtu aliyeiba kwenye mchanganyiko. Tukifungua mlango wa kutia udongo kwenye saruji, je, hatuwapi walaghai kisingizio? Hofu hii naiheshimu, kwa hiyo niijibu kwa sehemu zake. Kwanza, saruji yenye pozolana si jambo geni kwa wanunuzi wa Afrika Mashariki. Mifuko yenye alama CEM IV na namba 32.5 imejaa madukani Kenya na Uganda, na ndani yake majivu ya volkano yamechukua nafasi ya klinka kwa kiasi kikubwa. Wengi waliojenga kwayo hawakuwahi kusoma alama ile. Viwango vya Ulaya, ambavyo viwango vyetu vingi huvifuata, vimekubali tangu 2021, kupitia kiwango cha EN 197-5, saruji yenye klinka ya asilimia 50 tu. Kwa hiyo tunazungumzia bidhaa yenye vipimo vinavyojulikana, na kinachoitofautisha na ulaghai ni hivyo vipimo. Pili, udongo mbichi na udongo uliochomwa ni vitu viwili tofauti kabisa: wa kwanza hudhoofisha zege, wa pili huliimarisha. Mwashi hawezi kuvitofautisha kwa macho, na hivyo uchanganyaji usiachwe ufanyike kiholela chini ya mwembe wa kila mtu. Ufanyike mahali pamoja panapokaguliwa na Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, kila shehena ikitolewa vipande vya kuvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na baada ya siku 28, na matokeo yabandikwe ukutani ambapo mnunuzi anayaona.

Tatu, saruji hii ina tabia zake, na anayeificha tabia hizo anaiharibia jina. Hunywa maji zaidi inapochanganywa, na fundi aliyezoea kuongeza maji hadi zege limiminike atailaumu saruji kwa kosa la ndoo yake. Ikiwa na majivu au udongo usio bora, huchelewa kukomaa siku za mwanzo, kwa hiyo lazima imwagiliwe maji angalau siku saba, na mbao za kushikilia zege zisitolewe kwa pupa. Hewa ukaa ya angani hupenya ndani ya zege lake upesi zaidi kuliko zege la kawaida, jambo linaloweza kuleta kutu kwenye nondo. Tiba yake ni kuzifunika nondo kwa zege nene zaidi, na kwa miaka ya mwanzo kuiachia saruji hii kazi zisizo na nondo. Kwa upande mwingine, vinyweleo vyake ni vidogo, hivyo hustahimili maji yenye chumvi na kemikali vizuri kuliko saruji tupu. Na kuna jambo la rangi. Udongo wenye chuma hutoka mwekundu ukichomwa, na saruji ya waridi dukani itakataliwa na mteja aliyefundishwa kwamba saruji nzuri ni ya kijivu. Viwanda vikubwa huizuia rangi hiyo kwa kupunguza oksijeni wakati wa kuchoma na kupooza. Karakana ndogo haitaweza, na nafikiri isijaribu. Kule pwani, mji mkongwe wa Zanzibar ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu, na hakuna aliyeuita mji huo dhaifu kwa sababu ya rangi ya lipu yake. Wateja watabadilika wakiona ukuta wa shule umesimama mvua tatu bila ufa; watabadilika kwa matangazo ya redio, kidogo tu.

Inabaki kuni, na hapa mazingira yenyewe yanaweza kuwa pingamizi. Ukiwaambia watu wachome udongo, watakata msitu. Matofali ya kuchoma tunayojivunia tayari yanakula miti mingi, matanuri yake ya wazi yakipoteza joto jingi hewani, na itakuwa aibu saruji iitwayo safi izaliwe kwa msitu wa Maniema. Sharti langu ni kwamba karakana isichome gogo. Pumba za mpunga zina joto: kilo tatu hivi hutoa nishati inayokaribia ile ya kilo moja ya dizeli, na kule Mbeya, kusini-magharibi mwa Tanzania, watu huchomea matofali kwa pumba. Zikitumiwa kama moto wa kuchomea udongo, pumba hufanya kazi mbili, kwa kuwa majivu yake yanaweza kuingia kwenye mchanganyiko, mradi moto ushikiliwe karibu na nyuzi 700, mpaka wa chini wa kuchomea udongo. Joto likipita nyuzi 700 kwa muda mrefu silika huganda kuwa fuwele na kupoteza nguvu, na majivu ya namna hiyo yatengwe. Maganda ya michikichi na vumbi la mbao la wapasuaji ni akiba nyingine. Joto linalotakiwa ni karibu nusu ya lile la klinka, na ni kwa chini ya theluthi moja ya bidhaa. Iwapo mabaki ya shamba hayatatosha kwa tani tunazozitaka, basi tutengeneze tani zinazotoshana nayo na tusiongeze hata moja kwa kuni za msituni.

Na tani zenyewe zinaweza kufika mbali zaidi kuliko tulivyozoea. Udongo ukishindiliwa kwa mashine ya mkono ukiwa na saruji ya asilimia 5 hadi 8, hutoa tofali gumu lisilopita kwenye tanuri kabisa. Mashine maarufu ya namna hiyo, Cinva-Ram, ilibuniwa Colombia katika miaka ya 1950, na matofali ya kufungamana yaliyotokana na wazo hilo yamejenga shule na matangi mengi ya maji Uganda, kwa mashine zinazotengenezwa Kenya. Tofali hilo likitengenezwa kwa saruji yenye klinka ya nusu mfuko, klinka iliyomo ukutani inakuwa ndogo kiasi kwamba bei ya reli inaacha kuwa mwamuzi wa nani ajenge. Naamini hapa ndipo teritwari za ndani zitanufaika kuliko Kindu. Kijiji kilicho nyuma ya Tunda, ambako lori halifiki miezi kadhaa, kina udongo na kina mikono. Kinachokosa ni mifuko michache na mtu aliyefunzwa kupima.

Mteja wa kwanza hawezi kuwa mwenye nyumba maskini, ambaye hana nafasi ya kujaribu kitu kwa akiba yake ya miaka. Mteja wa kwanza awe serikali. Mpango wa maendeleo wa teritwari 145 umeahidi shule, vituo vya afya na ofisi za utawala katika kila pembe ya nchi, na zabuni zake huandikwa kwa kutaja saruji ya daraja fulani bila kuuliza kama kazi hiyo inaihitaji. Wizara na gavana wa mkoa wanaweza kuandika katika zabuni za Maniema kwamba kuta, lipu na sakafu zijengwe kwa saruji iliyochanganywa na malighafi ya mkoa mara itakapopasi vipimo vya OCC, huku nguzo na mihimili ikiendelea kutumia saruji ya 42.5. Chuo Kikuu cha Kindu kipewe tanuri, mizani na jukumu la kuchora ramani ya udongo. INPP, ambayo kazi yake ni kufundisha ufundi, iwaweke waashi darasani wiki mbili juu ya maji, kumwagilia na kupima. Makanisa yenye hospitali na shule, kama misheni ya Wamethodisti ya Tunda, yana desturi ndefu ya kujenga na kutunza majengo yao, na yangefaa kutoa ukuta mmoja wa majaribio, wa ua au wa ghala, usiobeba wagonjwa. Fedha ya kuanzia ni ndogo ikilinganishwa na bei ya daraja moja. Iwapo mchanganyiko utashindwa vipimo katika teritwari tatu, utumike katika nne zilizobaki, na zile tatu ziendelee kununua klinka hadi udongo mwingine upatikane. Ila sampuli za kwanza zichukuliwe kiangazi hiki, wakati njia za Kibombo na Kasongo bado zinapitika.